Barua imesema "umeshaidhinishwa", nimeomba kadi wamenitosa. Hii imekaaje wakuu?

Mtoto wa Makorora (mleta uzi), 12 Julai

Wakuu habari za majukumu. Nipo Columbus, Ohio, huu mwaka wa tatu, napiga shifti za usiku kwenye ghala.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangu mwaka jana sanduku langu la barua halikauki bahasha za benki. Nyingi natupa bila kufungua. Mwezi wa sita ikaja moja nene, ndani kuna kikadi cha karatasi ngumu, jina langu limechapwa juu yake kama kadi kweli, na maandishi makubwa: umeshaidhinishwa, limiti hadi dola 5,000, riba sifuri miezi 15. Kuna na namba ya mwaliko ya kuingiza mtandaoni. Nikaibana kwenye mlango wa friji kwa sumaku.

Tarehe 9 nimetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nikachemsha chai, nikakaa nayo. Nikaingiza namba ya mwaliko, mshahara, kodi ya nyumba, Social Security (ile namba ya utambulisho ya mtu huku). Kiduara kikazunguka weee. Mwisho wananiambia nitajulishwa kwa barua ndani ya siku 7 hadi 10. Hapo hapo nikajua nimetoswa. Aliyepita haambiwi asubiri barua.

Swali langu: mtu akuandikie mwenyewe, hujamwomba, akwambie umeshaidhinishwa, halafu ukimfuata akukatalie, huo si utapeli? Nani alinipitisha na nani amenitosa? Na jina langu na namba ya apatimenti walivitoa wapi? Wajuvi mje.

Kibuyu cha Asali

Ngoja nikae mbele kabisa. Mimi ninazo bahasha 11 kwenye droo, nilidhani wananipenda.

Mlinzi wa Getini (Dar)

Kumbe na huko zipo? Nilijua ni sisi tu na "ile hela tuma kwenye namba hii".

Bi Mkubwa Worcester

Mwanangu pole. Mimi wa Mombasa, huku Massachusetts nimetimiza miaka 19. Si utapeli, ila hukuisoma ile barua kama inavyosomwa. Ile ni barua ya posa. Kabla ya posa washenga hupita mtaani kuuliza: binti wa nani, tabia zake, kuna deni au ugomvi? Majirani wakisema mzuri, barua inaletwa. Lakini ukishaipokea wanakuja ndani kuangalia wenyewe, na huko ndani wakikuta mambo mengine posa inarudi. Wewe majirani walikusifu, ndani ndiko walikokuta mambo.

Nani kwenye uzi huu aliwahi kufanya kazi benki? Mzee wa Makabrasha yuko wapi?

Chuma cha Reli

Mnamzungusha bure kijana. Ukweli ni kwamba kila barua ikija, wamekuchungulia na skoo yako, zile alama za ukopaji wako, imeshuka. Barua 20 ni skoo imekwisha. Pili, wanataka uwe na mshahara mkubwa, skoo inaanzia kwenye mshahara. Tatu, deni la kadi usilimalize, liache kidogo kila mwezi waone unatumia. Mimi nina kadi sita, najua ninachosema.

Mzee wa Makabrasha (Dallas)

Nimeitwa, nimefika. Nilikaa kitengo cha mikopo cha benki moja miaka sita, kazi yangu ilikuwa hizi hizi barua. Nitaandika kwa mafungu, shifti yangu inaanza saa nane.

Chuma cha Reli, yote matatu uliyosema si kweli, nitakufikia.

Barua inazaliwaje. Benki haianzi na jina lako. Inaanza na vigezo: tunataka watu wenye skoo kuanzia hapa hadi pale, hawajachelewesha malipo kwa muda fulani, hawajafilisika, wanaishi majimbo haya. Vigezo vinapelekwa kwa moja ya yale makampuni matatu yanayotunza taarifa za mikopo za Marekani nzima: Equifax, Experian na TransUnion. Yanapitisha mafaili yote kwenye chekeche, yanatoa orodha. Benki haipewi faili lako. Inapewa jina, anwani na kitu kidogo cha kukutambulisha, hairuhusiwi hata kujua unadaiwa na nani. Hiyo ndiyo njia iliyofika mpaka namba ya apatimenti yako. Kila unapofungua akaunti au kulipa mkopo, anwani inaingia kwenye faili.

Kuchunguliwa huko ni kwa juu juu. Kunaonekana kwenye ripoti yako ukiiomba wewe, benki nyingine haikuoni, na skoo haiguswi hata pointi moja. Hilo la kwanza kwa Chuma.

Sasa mleta mada ameuliza kama ni utapeli. Kuna sheria ya taarifa za mikopo ya 1970, wenyewe wanaiita FCRA, na mwaka 1996 ikaongezewa masharti kuhusu orodha hizi. Mantiki yake mimi huwa naipenda: faili ni la mtu, hujamwomba ruhusa, umemchungulia. Ukishamchungulia huwezi kuondoka kimya kimya. Lazima umpelekee ofa ya kweli, na akikubali umpe, ilimradi bado anatimiza vile vigezo ulivyomchagulia. Ofa ndiyo malipo ya kuchungulia. Na benki inatakiwa kuvihifadhi vile vigezo miaka mitatu tangu siku ya ofa, ili mtu akilalamika wasije kubuni vingine.

Kwa hiyo barua yako ilikuwa ya kweli. Uchawi uko kwenye neno "bado". Narudi.

Kibuyu cha Asali

Mzee amekatia patamu. Kama tamthilia.

Chuma cha Reli

Nasubiri hilo la pili na la tatu. Nimekaa Marekani muda mrefu kuliko nyie.

Mlinzi wa Getini

Hii si sawa na Songesha tu? Simu inakwambia unaweza kukopa kiasi fulani, hujaomba. Leo elfu 30, kesho asubuhi elfu 8. Hamna barua wala kuagana.

Bi Mkubwa Worcester

Na kwetu Fuliza, tangu ilipoanza Januari 2019. Ndugu yangu wa Likoni limiti yake ilipopunguzwa alilia kama amefiwa. Lakini naona kuna tofauti. Kampuni ya simu inakukisia kwa pesa zinazopita kwenye laini yako yenyewe. Huku wanauliza kwa mtu wa tatu.

Mzee, nami nina swali. TransUnion iko Nairobi pia. Rekodi yangu ya mikopo ya kule, ile ya CRB, ilinifuata huku?

Mzee wa Makabrasha

Bi Mkubwa, jina ni moja, mafaili mbali. Ya Nairobi hayaingii kwenye faili la Marekani yenyewe kwa yenyewe. Kuna wanaofurahi kusikia hivyo na kuna wanaohuzunika: mtu alikuwa na rekodi safi Nairobi au Dar miaka 15, akashuka uwanja wa ndege hapa na kuwa kama mtoto mchanga. Mlinzi, ulichosema kiko karibu, ila Bi Mkubwa amekujibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu mimi.

Turudi kwenye "bado". Orodha inatolewa siku moja, ni kama picha. Halafu kuna kuandaa barua, mtambo wa kuchapa, posta. Mpaka unafungua bahasha picha ina wiki kadhaa, na wewe ukaibana kwenye friji ikazeeka zaidi. Siku ulipobonyeza "tuma", benki ilivuta faili lako upya, zima, kwa uchunguzi kamili. Huo ndio unaogusa skoo, kwa kawaida pointi chache, unakaa kwenye ripoti miaka miwili ingawa FICO, wale wanaotengeneza skoo, wanauhesabu mwaka mmoja tu.

Katika picha ya pili wanaweza kukukataa kihalali kama hutimizi tena vigezo vya kwanza, au kama kuna sharti walilokuwa wameliweka kabla ya kukuchagua, kipato kwa mfano, na hulifikii, au ulichojaza hakithibitishiki. Kipato hawakukijua walipokuchagua. Ripoti ya mikopo haina mshahara.

Na hapo ndipo nafika kwa Chuma: skoo ya FICO, inayotoka 300 hadi 850, haina mshahara ndani yake hata senti. Ina historia ya kulipa kwa wakati, 35%. Kiasi unachodaiwa ukilinganisha na limiti zako, 30%. Umri wa akaunti zako 15%, akaunti mpya na maulizo mapya (wakopeshaji kuvuta faili lako ukiomba mkopo) 10%, mchanganyiko wa aina za mikopo 10%. Daktari anaweza kuwa na 590 na mfagiaji wake wa zahanati 790. Mshahara unaulizwa pembeni na benki, kwa sababu sheria ya kadi ya 2009 inamtaka anayetoa kadi aangalie uwezo wa mtu kulipa.

Mleta mada, kabla sijasema zaidi: kati ya Mei na tarehe 9 Julai ulifanya nini? Mkopo mpya? Kadi ulizonazo zilikuwa na deni gani?

Mtoto wa Makorora

Mzee umenishika.

Nina kadi mbili. Moja limiti 1,500, nyingine ya dhamana, niliweka 500 zangu mwenyewe, nayo limiti yake ni 500. Mei nilikuwa nadaiwa kama 140 kwa zote. Mwisho wa Mei shangazi yangu alifariki, yule aliyenilea. Tiketi ya Columbus hadi Dar, dola 1,380, nikaipiga kwenye kadi kubwa. Basi la Tanga, rambirambi, vitu vidogo vidogo, nyingine ikajaa. Nilivyorudi nikanunua Corolla kwa mkopo, 412 kwa mwezi, maana ya zamani ilikufa nikiwa msibani. Julai nilikuwa nadaiwa 1,720 kwenye kadi.

Sikuchelewa malipo hata siku moja. Hilo naapa.

Bi Mkubwa Worcester

Pole kwa msiba mwanangu. Shangazi aliyekulea ni mama.

Kibuyu cha Asali

Pole sana kaka. Mungu amrehemu.

Mama Furaha (Louisville, Kentucky)

Pole ndugu. Sisi wote tiketi za msiba ndizo zinatumaliza.

Mie ni Mkongomani wa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu, huku tulifika 2019. Ninawasoma tangu jana. Kwetu hakuna aliyetuambia haya mambo. Mkopo wa kwanza wa maisha yangu ulikuwa tiketi za ndege za IOM, lile shirika la uhamiaji, familia ya watu sita. Haina riba, ila ni deni. Tulianza kulipa kama miezi sita baada ya kufika. Mume wangu alikuwa anasema hawa watu watatufuata wapi, tusilipe. Mie nililipa kila mwezi. Baadaye nimefungua ripoti yangu mara ya kwanza, jambo la kwanza kuandikwa mle ndani ni ule mkopo, mstari wote wa kijani. Barua za kadi zilianza kuja hapo.

Lakini nina jambo linanisumbua. Juzi imekuja barua kama hiyo ya mleta mada, umeshaidhinishwa, na jina ni la binti yangu. Ana miaka 9. Tulicheka sana mezani. Nasoma hapa sasa sicheki tena. Ni kawaida?

Mzee wa Makabrasha

Mama Furaha, subiri, usiitupe hiyo barua. Nakuja kwako kwanza, mleta mada atanisamehe.

Geuza ile barua, tafuta kisanduku cha maandishi madogo kinachosema una haki ya kujitoa usipokee ofa za namna hii, kuna na namba ya simu. Sheria inalazimisha kiwepo kwenye kila ofa iliyotokana na orodha ya makampuni yale matatu. Kama hakipo, basi jina la mtoto limetoka kwingine, labda umemfungulia akaunti ya akiba na benki inatuma matangazo kwa wateja wake wote bila kuangalia umri. Hapo hamna shida.

Kama kipo, hapo si pa kucheka. Mtoto wa miaka 9 hatakiwi kuwa na faili kabisa. Na tangu ile sheria ya 2009, faili likionyesha mtu hajafika miaka 21, halitakiwi kuingia kwenye orodha mpaka mwenyewe akubali. Sasa kama jina lake limepita kwenye chekeche, ni kwamba kuna faili lenye jina lake na mwaka mwingine wa kuzaliwa. Mtu anaitumia Social Security ya mwanao.

Angalia uniambie.

Mama Furaha

Kisanduku kipo. Mikono inatetemeka.

Mzee wa Makabrasha

Tulia dada. Mmewahi kugundua, wengine hugundua mtoto akiwa na miaka 18 anaomba mkopo wa chuo.

Waandikie yote matatu, Equifax, Experian na TransUnion, uombe watafute kwa mkono kama kuna faili kwa namba ya mtoto. Watataka cheti chake cha kuzaliwa au hati mliyokuja nayo, na kitambulisho chako. Wakilikuta, ripoti kwenye identitytheft.gov, ni ya serikali na bure. Halafu lifungwe kwa jina la mtoto. Tangu Septemba 2018 kufunga faili ni bure, na mzazi anaweza kumfungia mtoto wa chini ya miaka 16 hata kama hana faili: wanalitengeneza ili walifunge. Mtu yeyote akija na ile namba anakuta mlango una komeo.

Wengine wenye watoto fanyeni hilo leo, msisubiri barua. Mwaka 2017 Equifax peke yake iliibiwa taarifa za watu kama milioni 147.

Chuma cha Reli

Hapo Mzee nakupa heshima yako. Nimemwamsha mke wangu tuna watoto wanne.

Mtoto wa Makorora

Barua ya kukataliwa imefika leo. Nimeitafsiri sababu zake, ziko nne: salio la kadi ni kubwa ukilinganisha na limiti, muda tangu akaunti ya mwisho ifunguliwe ni mfupi, historia ya mikopo ni fupi, maulizo ya karibuni ni mengi. Wameandika na skoo waliyotumia, 638. Mwezi wa tano simu ilikuwa inanionyesha 690 na kitu. Yaani pointi hamsini zimeondoka na mimi sijachelewesha kulipa!

Mzee wa Makabrasha

Vizuri wamekupa. Ni lazima wakwambie sababu, kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu uombe, na una siku 60 za kuomba nakala ya ripoti bure kwa kampuni iliyotajwa kwenye hiyo barua. Ingawa siku hizi zote tatu unazipata bure kila wiki kwenye annualcreditreport.com. Ingia hapo tu, tovuti zenye majina ya kufanana nayo zitakuomba kadi.

Sababu ya kwanza ndiyo iliyokuua, nyingine ni wapambe. Limiti zako jumla 2,000. Mei ulidaiwa 140, hiyo ni 7%. Julai 1,720, hiyo ni 86%. Kompyuta haijui msiba. Inaona mtu aliyekuwa ametulia, ghafla ndani ya wiki sita amekausha kadi zote na kukopa gari, na kwa hesabu zao mtu wa namna hiyo ndiye huanza kushindwa. Mimi binafsi nilishawahi kuona mafaili kama lako mamia, na mengi nilijua kabisa ni tiketi ya ndege ya mtu wetu. Hakuna mahali pa kuandika.

Lakini uzuri wake: hicho kipengele hakina kinyongo kama kuchelewa kulipa. Kuchelewa siku 30 kunakaa kwenye ripoti miaka saba. Salio, katika skoo nyingi zinazotumika, linaangaliwa la sasa tu. Ukilishusha, mwezi unaofuata linasomwa jipya.

Na hapa sikiliza vizuri kwa sababu watu wengi hawaijui. Kampuni ya kadi hairipoti salio siku unayolipa, kwa kawaida inaripoti siku stetimenti, yaani hesabu ya kadi ya mwezi, inapofungwa. Stetimenti inafungwa, tuseme, tarehe 4, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 29. Wewe unalipa yote tarehe 28, hudaiwi riba, unajiona mtakatifu, kumbe tarehe 4 walishapeleka salio lote. Lipa tarehe 1 au 2, kabla haijafungwa. Picha itapigwa nyumba ikiwa imefagiliwa.

La tatu la Chuma ni hilo hilo. Kuacha deni kidogo "waone unatumia" kunakupa riba tu. Kutumia kunaonekana hata ukilipa lote. Deni la mleta mada, 1,720, kwa riba ya 28% kwa mwaka, ni kama dola 40 kila mwezi za bure. Mwenye benki ndiye anayependa uliache. Nilipokuwa kule, aliyelipa yote kila mwezi hakuna aliyempigia makofi.

Maulizo ya gari yasikutishe. Muuza gari alituma ombi lako kwa wakopeshaji wangapi?

Mtoto wa Makorora

Wanne, kwenye ripoti nimewaona.

Mzee wa Makabrasha

FICO wanayahesabu kama moja yakiwa yamekaribiana, siku 14 kwa matoleo ya zamani ya skoo na 45 kwa mapya. Kwa kadi huo msamaha haupo, kila ombi ni lake. Kwa hiyo usiende kuomba nyingine tatu kwa hasira.

Dada wa Kijitonyama

Samahani naingilia. Mimi niko nyumbani nalea, mume ndiye anafanya kazi. Barua zinakuja kwa jina langu. Nijaze kipato sifuri?

Mzee wa Makabrasha

Shemeji, kama umefika miaka 21, kanuni zilibadilishwa 2013: unaweza kuandika na kipato cha mwenzako ambacho kweli unakifikia, mfano kinaingia akaunti yenu ya pamoja au kinalipia mambo yako. Chini ya 21 ni chako mwenyewe, au uwe na mdhamini. Ila usiandike pesa ambayo hujawahi kuiona. Kudanganya benki kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai huku, na sisi wengine tuna makaratasi ya uhamiaji mezani.

Kibuyu cha Asali

Mzee, mimi hizi bahasha 11 zimenichosha. Na mwizi akizikuta sandukuni?

Mzee wa Makabrasha

Zichane vipande, usitupe nzima. Kujitoa ni optoutprescreen.com au simu 1-888-567-8688. Kwa mtandao au simu ni miaka mitano. Ukitaka moja kwa moja, unachapa fomu, unasaini, unatuma kwa posta. Zilizokwisha kuchapwa zitaendelea kuja wiki kadhaa, na benki yako mwenyewe haizuiliki kwa njia hii. Skoo haibadiliki ukijitoa.

Mimi nilijitoa. Lakini simshauri kila mtu, kuna ofa nyingine za kwenye barua ni nzuri kuliko zilizo wazi mtandaoni. Na ukitaka kujua kama utapita kabla ya kuomba, benki nyingi zina ukurasa wa kujipima: unaanza wewe, wanakuchungulia kwa juu juu, wanakwambia kuna dalili au hakuna. Hiyo si ofa ya kisheria kama barua, ni makisio tu.

Bi Mkubwa Worcester

Na lile neno "hadi", Mzee. Hadi 5,000.

Mzee wa Makabrasha

Haha. Bi Mkubwa hakosi. Nilishaona mtu anaahidiwa hadi 10,000 anapewa 500. Limiti kamili inapangwa baada ya picha ya pili. Hata wewe Makorora, ungepita, sidhani kama ungeiona 5,000.

Mama Furaha, 30 Agosti

Narudisha jibu. Makampuni mawili hayana kitu. La tatu lina faili: jina la binti yangu, amezaliwa 1991, laini ya simu na kadi moja ya duka, katika jimbo hatujawahi kukanyaga. Tumeripoti, wameanza kufuta, mafaili yote matatu yamefungwa. Binti ameniuliza kama huyo wa 1991 ni dada yake. Mzee Mungu akubariki, ukipita Louisville kuna sombe na ugali.

Mzee wa Makabrasha

Sombe naifuata, andika hiyo.

Mtoto wa Makorora, 21 Novemba

Wakuu nimerudi. Nimepiga ovataimu tangu Agosti, kadi zote mbili zimebaki na 120 jumla. Skoo ya wiki hii 697. Sikujitoa kwenye orodha, mke alitaka tujitoe, tumegombana kidogo.

Jana bahasha imekuja. Benki ile ile, kikadi kile kile cha karatasi. Hadi 5,000.

Kibuyu cha Asali

Mwaliko unaisha lini?

Mtoto wa Makorora

Desemba 15. Stetimenti inafungwa tarehe 4. Nimeibana kwenye friji.